Nimeambiwa nisaini barua ya wazazi, lakini maamuzi ya usiku si yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Tabora mjini. Mchana nauza duka, na jioni za Jumamosi nasaidia kulea kundi la skauti la mtaani kwetu. Tuna vijana thelathini na kitu, wa kike na wa kiume, wa kuanzia miaka 12 hadi 17. Naomba usitaje mtaa wala shule.

Kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa sita, kundi letu hufanya matembezi ya usiku. Tunaondoka mjini jua likishazama, tunapita Kwihara, tunaendelea hadi kwenye shamba la mzazi mmoja ukingoni mwa msitu. Huko tunawasha moto, tunaimba, vijana wapya wanakula kiapo, tunalala, asubuhi tunarudi. Shangazi, sikudanganyi, ni usiku mzuri sana. Hata mimi nilikula kiapo changu palepale nikiwa kidato cha pili. Watoto wanausubiri mwaka mzima.

Aliyeuanzisha ni mwalimu mstaafu ambaye alinifundisha darasa la sita. Namheshimu kama baba. Kwake yeye, usiku ule ndio unaomkomaza kijana. Hataki gari litufuate, hataki maturubai ya kuongeza, na mtoto akija na blanketi mbili anamrudishia mzazi moja. Kauli yake ni ileile: "Sisi tulilala chini na shuka moja, na tukaamka."

Mwaka jana niliona mambo mawili ambayo hayajanitoka. La kwanza, alfajiri nikizunguka kuhesabu watoto, nilimkuta kijana wa miaka 13 amejitenga na moto, amejikunyata, shati limemgandia mwilini kwa jasho la safari. Nilipomwita, alinijibu kwa ulimi mzito kama mlevi, na vidole vilishindwa kufungua kifungo. Nikamvua lile shati, nikamvisha sweta langu, nikamfunika kichwa na kanga, nikamnywesha chai ya sukari. Alichukua muda mrefu kurudi katika hali yake. Mwalimu alisema ni usingizi tu. La pili, usiku huohuo msaidizi wake aliingiza jiko la mkaa kwenye hema la wasichana ili wapate joto. Nililitoa nje. Nikaambiwa nawaonea wenzangu, nataka wagande.

Mwaka huu magoti yanamsumbua Mwalimu. Yeye atakuja shambani kwa bodaboda, mimi ndiye nitakayeongoza msafara kwa miguu. Barua ya ridhaa inayokwenda kwa wazazi imeandikwa jina langu, nami natakiwa nisaini kama kiongozi wa msafara. Lakini njia ameshapanga yeye, tarehe amepanga yeye, vya kubeba amepanga yeye. Nilipomuuliza kama nikiona mambo yameharibika naruhusiwa kuwarudisha watoto, alicheka, akasema, "Utawarudisha wapi usiku?"

Juu ya hayo, mama mmoja alinifuata dukani akaninong'oneza kwamba binti yake ana ugonjwa wa selimundu (sickle cell). Binti hataki wenzake wajue, na anatamani mno kwenda. Mama anasema ameniachia mimi niamue.

Kaka yangu anasema niachane nao. Lakini nikiachana nao, atakayeongoza ni yule msaidizi wa jiko. Usiku sipati usingizi. Nisaini? Nijitoe? Au ni kweli kama wanavyosema, mimi ni mwoga tu?

Dada wa Skauti, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyoielewa, shida yako kubwa si baridi. Umebebeshwa jina la usiku ambao uamuzi wake uko kwa mtu mwingine, na mtu huyo ni mwalimu wako, uliyezoea kumwitikia "ndiyo". Katikati yenu wapo watoto thelathini wanaoupenda usiku huo, na wewe mwenyewe unaupenda. Ungekuwa huupendi, barua hii usingeiandika, ungeshaondoka siku nyingi.

Nianze na hilo neno la uoga, maana naona limekuchoma. Kijana uliyemkuta alfajiri hakuwa na usingizi tu. Ulimi mzito, vidole visivyotii, kujitenga na wenzake: hizo ni dalili za mwili unaopoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili nayo huanza kufifia, na ndiyo sababu mtoto wa namna hiyo hasemi "nasikia baridi". Anakaa kimya. Watu wengi hudhani mtu huzidiwa na baridi kwenye nchi za theluji peke yake. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe mbingu zinakuwa wazi, hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee. Usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 14 au 15, na kwenye mbuga na mabonde huwa chini zaidi kwa sababu hewa ya baridi hutiririka ikatulia huko. Mtoto mwembamba, mwenye njaa, aliyelowa jasho, akilala kwenye ardhi tupu, haihitaji theluji kumwangusha. Na saa mbaya kuliko zote ni ile ya karibu na mapambazuko, moto umeshakuwa majivu na watu wazima wamesinzia. Wewe saa hiyo ulikuwa unahesabu watoto.

Ulivyomhudumia ndivyo inavyotakiwa: nguo mbichi zitoke, kavu ziingie, kichwa kifunikwe, kinywaji cha moto chenye sukari kwa kuwa alikuwa macho na anaweza kumeza. Niongeze machache ya kukusaidia siku nyingine. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimsogeze motoni hadi ngozi iungue huku yeye hasikii. Chini yake pawe na kitu, mkeka, magunia, hata majani makavu, maana ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Mtoto aliyekuwa anatetemeka akiacha kutetemeka huku maneno yanazidi kupotea, hajapata nafuu, huyo ni wa kupelekwa hospitali. Halafu kumbuka uko Tabora: si kila anayetetemeka ana baridi. Ukimgusa ukamkuta wa moto, fikiria malaria na kipimo kabla ya kufikiria blanketi la tatu.

Kuhusu jiko la mkaa, hapo sitazunguka. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Aliyeivuta anasikia kichwa kuuma na kusinzia, na katika kusinzia huko haamki. Hema, chumba, darasa lililofungwa madirisha, ni mamoja. Msaidizi alifanya kwa huruma, naamini hivyo kabisa, na ndiyo maana nakuomba usiliweke jambo hili kama ugomvi kati yako na yeye. Mweleze mkiwa wawili, mchana, bila watu wa kumwonea aibu. Aliyeingiza jiko kwa sababu aliwahurumia wasichana, akielewa, anaweza kuwa wa kwanza kulinda mlango wa hema lisiingie tena.

Sasa niruhusu nikuulize maswali, na usiyachukulie kama lawama.

Umemchora Mwalimu kama mtu mkaidi. Inawezekana. Lakini mtazame tena: mtu aliyetembea njia ile miaka yote, mwaka huu magoti yamemkatalia, atafika kwa bodaboda kama mgeni kwenye jambo alilolianzisha mwenyewe. Anapong'ang'ania tarehe, njia na idadi ya mablanketi, pengine anashikilia kilichobaki mkononi. Na neno lake la shuka moja, kuna ukweli ndani yake. Huenda wakati ule vijana walikuwa wachache, yeye anamjua kila mmoja na mama yake, na anawatembeza mwenyewe. Leo anakukabidhi thelathini, wengine umewajua juzi. Unadhani ukimwendea kumwomba akufundishe alivyokuwa anawalinda wakati ule, badala ya kumwendea kumwambia anakosea, atakujibu vilevile?

Swali la pili. Barua yako imejaa baridi, lakini sehemu ninayoiogopa mimi ni ile uliyoipita kwa nusu sentensi: kutembea. Watoto thelathini barabarani usiku, bodaboda zisizo na taa, malori yanayokimbilia mjini. Hapo ndipo watoto wanapopotezwa kwa dakika moja. Umefikiria nani atakuwa mbele na nani nyuma? Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo waendao kwa miguu wakae kulia, waone kinachokuja, mstari mmoja, watu wazima wa mbele na wa nyuma wamevaa jaketi za reflekta kama za mafundi wa barabara, na kila mtoto ana mwenzake anayewajibika kumjua alipo. Mnapoacha lami na kuingia njia ya vumbi, kuna kifutu. Nyoka huyo hakimbii akisikia vishindo, hulala njiani amejikunja, na kandambili hazimzuii. Raba au viatu vya shule, na tochi inayomulika chini. Akimuuma mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali.

Tarehe nayo ilikuwa ya kuzungumzwa. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama na kuangaza hadi alfajiri. Kalenda inaonyesha usiku huo miezi mingi kabla. Kuhamisha matembezi kwa wiki moja ili mwezi uwepo hakumdekezi mtoto yeyote, na nadhani hilo hata Mwalimu hawezi kuliona kama unyonge, maana misafara ya zamani ilipopita Tabora nayo ilijua thamani ya mbalamwezi.

La tatu ni jambo ambalo hukuliandika kabisa, nami siwezi kuliacha. Wasichana na wavulana wanalala nje, usiku, pamoja na watu wazima. Mbali na wewe, yuko mwanamke mwingine? Nani analala wapi? Mtoto akitaka kwenda kujisaidia saa nane za usiku anafuatana na nani? Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wote hao wa chini ya miaka 18 ni watoto, na aliyewachukua anawajibika kwao. Utaratibu wa kwamba mtu mzima hakai faraghani na mtoto mmoja unawalinda watoto, na unamlinda pia mtu mzima mwema asisingiziwe. Na watoto waijue namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, wote, wa kike na wa kiume, bila kusubiri litokee jambo.

Nimfikie binti wa selimundu. Mama yake amekuachia uamuzi ambao si wako, na naona alivyofanya hivyo kwa kuchoka, si kwa ubaya. Mtoto wa selimundu, baridi inaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Uchovu na kiu pia. Usiku wenu una vyote vitatu. Lakini kumwambia "wewe baki" mbele ya wenzake ni maumivu ya aina nyingine, na umri huo anaweza kuanza kuficha hata dalili ili asiachwe. Zipo njia katikati. Anaweza kufikishwa shambani kwa gari, akaota moto, akala kiapo, akarudishwa kulala nyumbani. Anaweza kwenda na kulala ndani, kama shambani kuna nyumba, ikiwa wahudumu wa kliniki yake wamekubali. Mwingine angechagua kiapo cha mchana. Kila moja ina gharama yake, na ningependa yeye mwenyewe aulizwe, akiwa na mama yake, anaona ipi anaweza kuibeba.

Siri yake unaweza kuilinda kwa fomu. Kila mzazi ajaze karatasi ya afya ya mtoto wake, na kila mtoto awe na yake. Hapo utagundua hayuko peke yake. Atakuwepo wa pumu, ambaye hewa baridi na moshi wa kuni vinambana kifua, na dawa yake ya kuvuta lazima iwe mfukoni mwake, siyo kwenye begi lililobaki nyuma. Anaweza kuwepo wa kifafa, na kukesha huamsha kifafa. Huyo hakai karibu na moto bila mtu pembeni. Wazazi wengi hawasemi mambo haya mdomoni. Kwenye karatasi huandika.

Sasa barua ya ridhaa.

Ukisaini ilivyo, unabaki na watoto, unabaki na Mwalimu, na jicho lako la alfajiri linakuwepo. Lakini likitokea jambo, wazazi watakuuliza wewe kuhusu mambo ambayo hukuruhusiwa kuyabadili, na hilo si jepesi kuishi nalo katika mji mnaofahamiana wote.

Ukijitoa, kaka yako atalala vizuri. Yawezekana na wewe pia. Kuna kazi ambazo heshima yake ni kuzikataa, sikuoni msaliti ukifanya hivyo. Ila utajua kwamba usiku upo palepale, na umeshaniambia nani atauongoza. Hilo nalo lipime, bila kujifanya kwamba kila litakalotokea usipokuwepo ni mzigo wako.

Unaweza kusaini ukiwa umeongeza masharti kwa maandishi: gari moja liwepo shambani na dereva asiyekunywa, watu wazima wangapi, nini cha kubeba, na kwamba kiongozi wa msafara ana mamlaka ya kusimamisha safari. Mimi navutiwa na njia hii, lakini ina mwiba. Mwalimu akiyaona masharti hayo kwa mara ya kwanza kwenye karatasi iliyo mikononi mwa wazazi, atahisi umemvua nguo hadharani. Kwa hiyo ingebidi yaanze kwake. Na kama unaona neno lako peke yako halina uzito, kwetu huwa hatuendi peke yetu. Tafuta mzee mwenzake anayemsikiliza, au yule mzazi mwenye shamba, ambaye naye ana haki ya kusema nini kifanyike kwenye ardhi yake. Nyasi za kipupwe zimekauka. Moto wenu ukitoroka, shamba ni lake, na msitu ni wa wote. Pafyekwe pawe peupe kuzunguka moto, maji na mchanga viwe karibu, na ukiwepo upepo mkali moto usiwashwe kabisa, hata kama nyimbo zitakuwa fupi.

Ipo pia njia ya kubadili umbo la usiku wenyewe: mtembee mapema, kiapo kiwe saa tatu, mlale ndani ya banda au darasa. Vijana wakubwa watanung'unika kwamba si usiku ule tena, na sidhani watakuwa wamekosea kabisa. Kusogeza hadi mwezi wa kumi kuna joto, lakini shule ziko wazi, na baada ya hapo mvua za radi zinaanza.

Kitu kimoja katika barua yako ningekuomba usikiache kipite. "Utawarudisha wapi usiku?" Alikuuliza akicheka, lakini hilo ndilo swali la maana kuliko yote mliyozungumza, na linastahili kujibiwa kweli. Ipite njia yote mchana, wewe na kijana mmoja mkubwa. Andika: kutoka hapa hadi pale, mtoto akizidiwa, nyumba ya nani ina taa na mtu anayetufahamu? Mtandao wa simu unakatikia wapi? Pikapu ya nani inaweza kuamshwa saa tisa usiku, na amekubali mwenyewe? Kufika hospitali ya Kitete ni dakika ngapi kutoka shambani? Simu ya nani itabaki na chaji hadi asubuhi? Namba ya polisi 112 na ya zimamoto 114 ziwe kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Ukishakuwa na majibu hayo, utajua mwenyewe kama usiku huo unaweza kurudika au la. Na kama haurudiki, utakuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha Mwalimu, tofauti na hofu anayodhani unayo.

Ukienda kwake, nenda alasiri akiwa ametulia, na ile barua iache nyumbani. Mwulize magoti yanaendeleaje. Kisha mweleze habari za yule kijana wa alfajiri, umtaje kwa jina, jinsi vidole vyake vilivyoshindwa na kifungo cha shati. Huenda tangu siku ile hajawahi kuisikia hadithi hiyo mwanzo hadi mwisho.